LAWRENCE WA ARABIA NA PIKIPIKI ZAKE SABA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kurasa hizi hutuletea maisha ya watu mashuhuri kila mwaka. Tumewasoma wapigania uhuru, washairi, wakimbiaji na marais. Leo naomba nikuletee mtu wa aina nyingine kidogo. Huyu alikuwa msomi, mchimbaji wa magofu, mwanajeshi na mwandishi. Zaidi ya hayo yote alikuwa mpanda pikipiki ambaye wapenda pikipiki wa Uingereza hawajamsahau hadi leo. Jina lake ni Thomas Edward Lawrence, lakini dunia nzima inamwita Lawrence wa Arabia.

Wengi wanamjua kwa ile filamu ya mwaka wa 1962 ambayo Peter O'Toole aliigiza kama Lawrence. Ukisikia watu wakiitaja, watakuambia juu ya ngamia, jangwa na kanzu nyeupe. Lakini filamu yenyewe haianzi na ngamia hata mmoja. Inaanza na pikipiki, na ina sababu nzuri ya kufanya hivyo, kama utakavyoona.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Naomba methali hiyo uiweke mfukoni kwa sasa. Tutaitoa tena mbele ya safari, tuone kama maisha ya bwana huyu yanakubaliana nayo.

UTOTO NA MASOMO

Lawrence alizaliwa tarehe 16 Agosti 1888 katika kijiji cha Tremadog, nchi ya Wales. Babake alikuwa bwana mwenye mali kutoka Ireland, Sir Thomas Chapman. Bwana huyu alimwacha mke wake na binti zake wanne akaenda kuishi na Sarah, aliyekuwa mlezi wa hao mabinti. Hawakufunga ndoa. Walibadilisha jina wakajiita Bwana na Bibi Lawrence, na wakajaliwa wavulana watano. Thomas Edward alikuwa wa pili. Siku zile mtoto wa nje ya ndoa alitazamwa kwa jicho baya, kwa hivyo siri hiyo ilimkaa moyoni. Labda ndiyo maana baadaye hakuona shida kubadilisha jina lake mwenyewe, tena si mara moja.

Mwaka wa 1896 jamii hiyo ilihamia mji wa Oxford, na huko ndiko kijana alikosomea. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini ufupi wake ulikuwa wa pilipili! Alipenda historia, hasa ngome na makasri ya zamani. Wakati wa likizo wenzake wakipumzika, yeye alikuwa barabarani. Mwaka wa 1908 alizunguka Ufaransa kwa baiskeli akitazama ngome, akapiga kilomita zipatazo 3,800. Hebu fikiri, ni kama kutoka Mombasa hadi Nairobi mara nane, kwa kukanyaga pedali tu.

Mwaka uliofuata, 1909, alikwenda Syria kuziona ngome zilizojengwa na Wazungu wa Vita vya Msalaba. Safari hii alitembea kwa miguu, peke yake, kwenye jua kali, zaidi ya kilomita 1,600. Wenyeji walimkaribisha chakula na malazi, naye akazidi kujifunza Kiarabu. Aliporudi aliandika tasnifu juu ya ngome hizo, na mwaka wa 1910 akafaulu kwa daraja la kwanza katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kuanzia mwaka wa 1911 hadi 1914 alichimbua magofu ya mji wa kale wa Carchemish, kando ya mto Frati.

VITA VYA JANGWANI

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, huku kwetu babu zetu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wale ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi. Lawrence naye alipelekwa Cairo kufanya kazi ya upelelezi na kuchora ramani. Mwezi wa Juni 1916 Waarabu wa Hejaz wakiongozwa na Sharifu Hussein wa Makka waliasi utawala wa Waturuki. Mwezi wa Oktoba Lawrence alitumwa huko. Alikutana na Faisal, mwana wa Sharifu, akaona kwamba huyu ndiye kiongozi.

Basi alivua magwanda ya jeshi akavaa kanzu na kilemba, akapanda ngamia na kuishi kama wenyeji wake. Pamoja na wapiganaji wa Kiarabu alilipua madaraja na reli ya Hejaz ili chakula na silaha za Waturuki zisifike. Mwezi wa Mei 1917 yeye na shujaa wa Kibedui, Auda abu Tayi, walianza safari ndefu ya kuzunguka jangwa. Tarehe 6 Julai waliuteka mji wa bandari wa Aqaba kwa kuujia kutoka nchi kavu.

Katika vita vilivyotangulia kutekwa kwa Aqaba, kilitokea kituko. Wakiwa kwenye mbio za kushambulia, Lawrence alifyatua bastola yake akampiga ngamia wake mwenyewe kichwani! Ngamia akaanguka chini kama gunia, naye akarushwa mbele mbali. Wenzake walipita kwa kasi huku na huku, lakini hawakumkanyaga. Akaamka hai. Naomba ukumbuke tukio hilo.

Tarehe 1 Oktoba 1918 majeshi ya Waarabu na ya Waingereza yaliingia Dameski. Kila mtu angedhani huo ndio wakati wa kusherehekea, lakini wapi! Tangu mwaka wa 1916 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kukubaliana kwa siri kugawana nchi hizo. Waarabu waliokuwa wamepigania uhuru walifika kwenye mkutano wa amani wa Paris mwaka wa 1919 wakakuta meza imekwisha kugawanywa. Lawrence alijua habari za mapatano hayo wakati vita vikiendelea, na dhamiri ilimsuta. Sisi ambao mipaka yetu ilichorwa na watu wa mbali tunaelewa uchungu huo. Mfalme George wa Tano alipotaka kumpa nishani na cheo, yeye alikataa.

Mwaka huohuo wa 1919 ndege aliyokuwa akisafiria kwenda Misri ilianguka Roma. Marubani wawili walikufa. Lawrence alivunjika mfupa wa bega na mbavu, lakini akapona. Sasa hesabu, msomaji: ngamia mara ya kwanza, ndege mara ya pili.

ANAKIMBIA SIFA

Baada ya kumsaidia Winston Churchill katika mambo ya Mashariki ya Kati mwaka wa 1921 na 1922, Lawrence alichoka na sifa. Magazeti na maonyesho ya picha yalikuwa yamemfanya kama shujaa wa hadithi za Abunuwasi. Basi mwezi wa Agosti 1922 mtu huyu aliyekuwa na cheo cha kanali alijiandikisha katika jeshi la anga kama askari wa chini kabisa, kwa jina la uongo la John Hume Ross. Alifagia, alipiga deki, alisugua masufuria. Kabla mwaka haujaisha magazeti yalimgundua, na mwanzoni mwa 1923 akaachishwa kazi.

Je, alikata tamaa? Hata! Mwezi wa Machi 1923 aliingia kikosi cha vifaru katika kambi ya Bovington, jimbo la Dorset, safari hii akijiita T. E. Shaw. Karibu na kambi alipata nyumba ndogo iitwayo Clouds Hill. Mwaka wa 1925 alikubaliwa kurudi jeshi la anga, akapelekwa Cranwell. Katika miaka hiyo alimaliza kitabu chake kikubwa cha vita, Seven Pillars of Wisdom, kilichotolewa kwa watu wachache mwaka wa 1926.

WANA WA NGURUMO

Sasa tumefika kwenye pikipiki zenyewe. Mjini Nottingham alikuwako fundi mmoja, George Brough, mwana wa mtengenezaji pikipiki. Baada ya vita alianzisha kiwanda chake mwenyewe, na pikipiki zake akaziita Brough Superior. Hakikuwa kiwanda kikubwa. Kuanzia mwanzo hadi kilipoacha kutengeneza pikipiki mwaka wa 1940 kilitoa zipatazo 3,000 tu. Lakini kila moja ilitengenezwa kama bibi arusi anavyopambwa. Inasemekana mafundi waliiunganisha pikipiki yote, wakahakikisha kila kitu kinaingia mahali pake, kisha wakaifungua yote tena ili vipande vipakwe rangi na kung'arishwa, halafu wakaiunganisha mara ya pili. Watu waliziita Rolls-Royce za pikipiki.

Aina iliyovuma zaidi ni SS100, iliyotolewa mwaka wa 1924. Ilikuwa na injini ya silinda mbili zilizosimama kama herufi V, yenye ukubwa wa karibu sisi 1,000. Linganisha na bodaboda zetu za hapa, nyingi zikiwa na sisi 100 hadi 150. Mnunuzi alipewa cheti kwamba pikipiki yake inaweza kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Si mchezo!

Lawrence alinunua Brough yake ya kwanza mwaka wa 1922, na hadi kufa kwake alimiliki saba. Aliipa pikipiki jina la Boanerges. Wale wanaosoma Injili ya Marko watakumbuka kwamba Yesu aliwaita Yakobo na Yohana Boanerge, yaani wana wa ngurumo. Ukiusikia mlio wa injini ile utakubali kuwa jina liliifaa. Pia aliziita George wa Kwanza, George wa Pili, mpaka George wa Saba, kama orodha ya wafalme. Nadhani fundi George Brough alicheka sana kusikia hivyo.

Mshahara wa askari wa chini ulikuwa shilingi chache kwa siku, na pikipiki moja ilizidi mshahara wake wa mwaka mzima. Aliporudi kutoka India mwaka wa 1929 alikuta pikipiki mpya ikimngoja. Kumbe marafiki zake, miongoni mwao mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw na mkewe Charlotte, walikuwa wamemnunulia kisirisiri. Kweli akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

UTUNZAJI NA SAFARI

Mtu anaweza kufikiri kwamba kupanda pikipiki siku zile kulikuwa kama leo, unabonyeza kidude injini inawaka, unaenda zako. Hapana bwana. Mwendeshaji alikuwa fundi pia, atake asitake.

Kwanza, kuwasha. Hakukuwa na betri ya kuwashia injini. Ulipiga kiki kwa mguu, na injini ya sisi 1,000 ina nguvu ya kukurudishia teke lako. Gia zilibadilishwa kwa mkono, kwa fimbo iliyokuwa kando ya tangi la petroli, kwa hivyo katikati ya kona ungejikuta umeshika usukani kwa mkono mmoja. Breki zilikuwa dhaifu kuliko za leo. Nyuma pikipiki nyingi hazikuwa na springi, kwa hivyo kila shimo la barabara lilipita moja kwa moja hadi mgongoni.

Pili, oili. Katika injini nyingi za miaka ya 1920 oili haikuzunguka na kurudi kama ilivyo sasa. Pampu iliidondosha ndani kidogokidogo, ikafanya kazi yake, kisha ikaungua au ikavuja njiani. Mwendeshaji alipaswa kukadiria. Ukiweka kidogo, injini inakamata. Ukizidisha, plagi zinaloa na moshi unafuka kama jiko la kuni mbichi. Cheni zilikaa nje kwenye vumbi, kwa hivyo zilitaka kusafishwa, kutiwa mafuta na kukazwa mara kwa mara. Vali zilitaka kurekebishwa. Nati zilifunguka zenyewe kwa mtikisiko. Barabarani kulikuwa bado na farasi wengi, na misumari ya kwato zao ilitoboa tairi ovyo. Aliyesafiri bila spana, pampu na viraka alijua atalala njiani.

Tatu, vifaa vya safari. Msafiri alihitaji koti zito la kuzuia baridi, glavu ndefu, miwani ya upepo, taa nzuri na kibebeo cha nyuma cha mizigo. Lawrence mwenyewe, akiwa Cranwell, aliandika jinsi alivyokimbia na pikipiki yake jioni moja akashindana na ndege ya kivita iliyokuwa ikiruka chini chini juu ya barabara. Katika safari hiyohiyo kibebeo chake kilirudi na nyama ya nguruwe ya Lincoln, soseji za Nottingham na mayai, ili wenzake kambini wale vizuri. Unaona basi, pikipiki haikuwa ya kujigamba tu. Ilikuwa ya kuletea watu chakula, kama bodaboda anayekuletea unga mpaka mlangoni.

Kwa utunzaji huo pikipiki zake zilimfikisha mbali. Mwezi wa Septemba 1926 alimwandikia George Brough kwamba tangu mwaka wa 1922 alikuwa amekamilisha maili 100,000 kwa pikipiki tano. Hizo ni kilomita 160,000, yaani kama kuizunguka dunia mara nne. Pikipiki ilipohitaji kazi kubwa aliirudisha kiwandani Nottingham kwa mafundi wenyewe, na alimweleza Brough waziwazi yale yaliyompendeza na yaliyomkera. Hakungoja chombo kife ndipo akitibu.

Mwaka wa 1931, akiwa katika kituo cha ndege za majini mjini Plymouth, aliona ndege ikianguka baharini na watu wakafa. Alishiriki katika uokoaji. Tangu hapo alitia bidii katika kazi ya kutengeneza mashua zenye kasi za kuokolea marubani, kwa sababu zilizokuwapo zilikokota mno. Mashua za aina hiyo ziliokoa wengi katika Vita Vikuu vya Pili. Mtu huyu alikuwa na tabia nzuri sana: akiona ajali hakusema tu ni bahati mbaya. Aliuliza tufanye nini isitokee tena.

SIKU YA MWISHO

Mwezi wa Februari 1935 muda wake jeshini uliisha. Aliondoka kambini kwa baiskeli, kama alivyoanza safari zake za ujana, akaenda kukaa Clouds Hill. Alikuwa na umri wa miaka 46. Pikipiki yake ya saba, SS100 yenye nambari GW 2275, ilikuwa nyumbani. Ya nane alikwisha kuiagiza.

Tarehe 13 Mei 1935 alipanda George wa Saba akaenda posta ya Bovington kumpelekea mwandishi mwenzake, Henry Williamson, simu ya maandishi ya kumkaribisha chakula. Safari yenyewe ilikuwa fupi, maili moja na kidogo. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Wakati wa kurudi, barabara ilikuwa na mabonde madogo ambayo humficha mtu aliye mbele. Alipopanda kutoka bonde moja, ghafla aliwaona wavulana wawili juu ya baiskeli wakielekea alikokuwa akielekea. Alijaribu kuwakwepa. Akamgusa mmoja, pikipiki ikaponyoka, naye akarushwa juu ya usukani akaangukia kichwa.

Wavulana walipona. Lawrence alipelekwa hospitali ya jeshi ya Bovington akiwa amepoteza fahamu. Madaktari walijitahidi siku sita, lakini tarehe 19 Mei 1935 alikata roho bila kuzinduka. Alizikwa siku mbili baadaye katika kijiji cha Moreton, na Churchill alikuwa miongoni mwa waombolezaji waliotokwa na machozi.

Mpaka leo watu wanabishana. Shahidi mmoja alisema aliona gari jeusi, wavulana wakasema hawakuliona. Wengine wanabishania mwendo. Mimi nataka tuangalie jambo moja ambalo halina ubishi: kichwani hakuwa na helmeti. Mtu aliyejali kila nati, cheni na tone la oili, kile kilichokuwa na thamani kuliko pikipiki zote saba alikiacha wazi. Tusimlaumu. Helmeti zilikuwapo, lakini zilikuwa za wakimbizaji wa mashindano. Kwenye barabara ya kawaida hakuna aliyeziona kuwa na maana. Nani angevaa kofia ya mashindano kwenda posta?

DAKTARI ALIYEKATAA METHALI

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwako bingwa wa upasuaji wa ubongo aitwaye Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia. Kifo hicho hakikumtoka akilini. Baadaye alikuwa profesa wa upasuaji huko Oxford, mji uleule aliokulia Lawrence. Vita vya Pili vilipoanza, aliona wapanda pikipiki wakiletwa hospitalini mfululizo, wakiwemo vijana wa jeshi waliopeleka barua usiku bila taa.

Mwaka wa 1941 Cairns alichapisha uchunguzi wake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji na abiria wa pikipiki 2,279 walikuwa wamekufa katika ajali za barabarani, wengi kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa wale aliowachunguza, saba tu ndio waliokuwa wamevaa helmeti walipoumia kichwa. Hao saba wote walipona. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo jeshi liliamuru wapanda pikipiki wake wakiwa kazini wavae helmeti. Mwaka wa 1946 Cairns alitoa hesabu nyingine kuonyesha kwamba baada ya amri hiyo vifo vilipungua. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 1952. Sheria ya helmeti kwa raia wote wapandao pikipiki Uingereza ilikuja mwaka wa 1973.

Sasa itoe ile methali mfukoni. Ajali haina kinga? Kwa heshima zote kwa wahenga, Cairns alithibitisha kwamba kichwa kina kinga. Ajali inaweza kuja, lakini si lazima iondoke na mtu. Na wahenga haohao walituachia methali nyingine: tahadhari kabla ya hatari.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, sijakuletea hadithi ya Mwingereza ili nikuonyeshe kwamba nimesoma sana. Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Asubuhi tunachelewa, mvua inanyesha, tunasimamisha bodaboda. Mara nyingi tunabebana watatu, mabegi yakining'inia huku na huku. Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka wa 2012, inasema kila anayepanda pikipiki, mwendeshaji na abiria, avae helmeti na jaketi la kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Je, tunaifuata?

Tazama bodaboda zetu zilivyopambwa: redio, mwavuli, vioo viwili vinne, taa za rangi, na maandishi ya maneno matamu nyuma. Yote mazuri, na wenyewe huziosha kila siku mtoni. Lakini helmeti iko wapi? Imening'inizwa kwenye usukani, inangoja polisi. Akionekana inavaliwa, akipitwa inavuliwa. Utadhani ni polisi atakayeanguka!

Sisi abiria nasi tuna visingizio vyetu. Eti inaharibu nywele. Eti inanuka jasho la watu. Hicho cha jasho ni cha kweli kidogo, lakini dawa yake ni kitambaa safi cha kuweka chini yake. Wengine wanavaa bila kufunga mkanda. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na ile iliyokwisha kupasuka katika ajali ni chungu kilichovunjika, haifai tena kuteka maji.

Wenzetu mnaotamani kununua pikipiki mkimaliza shule, igeni mazuri ya Lawrence. Kagueni cheni, breki, tairi na taa kabla ya safari. Sikilizeni injini. Mpelekeni mgonjwa kwa fundi mapema. Lakini msimalizie kwenye pikipiki. Kumbukeni kwamba mtu huyu alirushwa na ngamia jangwani akaamka, alianguka na ndege Roma akapona, akaizunguka dunia mara nne kwa hesabu ya kilomita, halafu akafa karibu na mlango wake, akitoka posta, siku ya kawaida. Safari fupi ndiyo tunayoidharau. Na safari zetu nyingi, kutoka nyumbani hadi shuleni, ni fupi.

Pikipiki ya GW 2275 ilitengenezwa, na hata imewahi kuonyeshwa katika jumba la makumbusho ya vita jijini London. Watu huja kuitazama ikiwa inang'aa. Chuma kilipona, mwenyewe hakupona. Yeye hakujua tunayoyajua sisi. Sisi tukifa kwa kukosa helmeti, tutasema hatukuambiwa?

Kesho ukisimamisha bodaboda, uliza helmeti kabla ya kuuliza nauli.